TAYA LA NGURUWE LASIMULIA
Somo kuhusu mifupa na ufugaji wa kale, kama lilivyotolewa mbele ya Chama chetu cha Kiswahili

Wahenga walinena kwamba kinywa ni jumba la maneno. Mimi nawaletea kinywa kisicho na ulimi wala midomo, kilichobaki mfupa na meno matupu, na bado maneno yamo tele ndani yake. Ndugu msomaji, keti vizuri, tega sikio.

Mambo yalianza hivi. Katika muhula wa kwanza chama chetu kilifanya mjadala wenye hoja isemayo, "Pasipo maandishi hapana historia." Mimi niliwekwa upande wa upinzani. Lo! Nilipigwa kama ngoma. Msemaji wa kwanza wa upande wa pili alisimama, akakohoa kidogo, akaniuliza, "Ndugu mpinzani, mtu aliyekufa miaka elfu kumi iliyopita, asiyeandika hata herufi moja, utamjuaje alikula nini, alifuga nini, aliishi vipi? Utamwuliza nani?" Nikababaika. Nikasema eti tutawauliza wazee. Bwalo zima likacheka mpaka mlezi wa chama akagonga meza. Wazee gani hao wa miaka elfu kumi?

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda maktaba, na hata likizo ilipofika nilikuwa bado nachakura. Nilitafuta jibu la swali lile moja tu: Utamwuliza nani? Muhula wa pili, zamu yangu ya kutoa somo ilipofika, niliingia na gunia dogo. Ndani yake mlikuwa na taya la chini la nguruwe.

Kabla ya kulitoa niliwajulisha wanachama kilichomo, kwa maana tuna wenzetu ambao kwa dini yao mnyama huyu ni najisi. Heshima ni kitu cha bure. Tuliafikiana na mlezi kwamba taya litakaa juu ya gazeti mwishoni mwa chumba, atakaye alisogelee na asiyetaka aangalie mchoro niliouchora ubaoni. Hakuna aliyetoka. Wote walisikiliza. Basi hili ndilo somo lenyewe.

1. TAYA LA KRISMASI

Nguruwe mwenye taya hili alikuwa wetu, kule Butere. Baba yangu ana tabia ya kuandika kila kitu katika daftari la jalada jeusi: siku jike alipopandwa, siku alipozaa, vitoto vingapi vilitoka hai. Nguruwe jike huchukua mimba siku 114 hivi, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, na baba hesabu hiyo anayo kichwani kama sisi tulivyo na jedwali la kuzidisha. Nguruwe huyu alizaliwa mwezi wa Machi, akachinjwa Krismasi. Nyama tuliila na majirani, taya likabaki limening'inia jikoni mpaka nilipoliomba.

Niliwaambia wanachama wenzangu, "Sitawaambia umri wake. Mtaujua wenyewe." Nikawaeleza mambo matatu tu. Nguruwe aliyekomaa ana meno 44. Nyuma kabisa ya taya, kila upande, kuna magego makubwa matatu ambayo hayatanguliwi na meno ya utoto, na haya hayatoki pamoja. La kwanza huchomoza nguruwe akiwa na miezi minne hadi sita. La pili huchomoza kati ya mwezi wa nane na wa kumi na mbili. La tatu hukawia mpaka mwaka mmoja na nusu hivi, au karibu miaka miwili.

Wakainama wakatazama. Gego la kwanza lilikuwa limekwisha toka, tena limeanza kulika juu. La pili ndio kwanza lilikuwa linachungulia. La tatu bado lilikuwa limejificha ndani ya mfupa. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye hajapata kumfuga nguruwe maishani mwake, akasema, "Ana miezi minane, tisa, hapo hapo." Nikafungua daftari la baba. Machi mpaka Desemba ni miezi tisa! Chumba kikalipuka kwa makofi.

Je, mmeona? Hakuna aliyesoma neno hata moja, na umri wa mnyama umejulikana. Wanaakiolojia, yaani wataalamu wanaochimbua mabaki ya watu wa kale, hufanya kazi hii hii. Tofauti ni kwamba wao hawana daftari la baba la kuhakikishia.

2. BABU YA NGURUWE NI NANI?

Wengi wetu hudhani kwamba nguruwe wa kufugwa alitokana na ngiri tunaowaona mbugani, au na nguruwe mwitu anayeharibu viazi vya watu usiku. Sivyo. Hao ni binamu wa mbali tu. Nguruwe tunayemfuga alitokana na nguruwe mwitu wa Asia, Ulaya na Afrika ya Kaskazini, mnyama mwenye pua ndefu, manyoya magumu na chonge kali. Uzao wake haukutoka kwa wanyamapori wa huku kwetu. Hapa Kenya nguruwe wa kufugwa walienea mwanzoni mwa karne ya 20, walipoletwa na walowezi.

Ndiyo maana mifupa inayochimbuliwa katika maboma ya wafugaji wa kale wa nchi yetu, kwa mfano kule Ngamuriak, Narok, mahali palipokaliwa na watu yapata miaka 2,000 iliyopita, ni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nguruwe wa kufugwa hayumo. Hata kukosekana kwa mfupa ni habari.

Lakini msidhani kwamba meno ya nguruwe hayana historia hapa kwetu. Katika miaka ya 1970 wataalamu walibishana vikali juu ya umri wa tabaka moja la majivu ya volkano kule Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, kwa kuwa umri wa visukuku vya binadamu wa kale ulitegemea tabaka hilo. Vipimo vya kwanza vilisema miaka milioni 2.6. Mtaalamu Basil Cooke akachukua meno ya nguruwe wa pori wa kale, ambayo yalikuwa yakirefuka kadiri ya zama zilivyopita, akayalinganisha na yale ya bonde la Omo, Ethiopia. Meno yakakataa! Yakasema tabaka lile ni jipya zaidi. Vipimo vya baadaye viliyaunga mkono: ni takribani miaka milioni 1.9. Nguruwe aliwasahihisha wasomi.

3. DALILI ZA UFUGAJI

Sasa tuje kwenye kiini cha somo. Ukichimba ukapata rundo la mifupa ya nguruwe, utajuaje kama waliwindwa porini au walifugwa nyumbani? Dalili ya mvua ni mawingu. Hizi hapa dalili tano.

(a) Umri wa kuchinjwa. Mwindaji hachagui sana. Hupiga anayemwona, na mara nyingi humtamani mnyama mkubwa mwenye nyama nyingi. Mfugaji ana hesabu. Nguruwe hatoi maziwa ya kunywa, halimi shamba wala habebi mzigo. Faida yake ni nyama na mbolea. Basi akishanona, kumlisha zaidi ni hasara. Kwa hiyo katika mifupa ya mfugaji utaona taya nyingi za wanyama wachanga, na chache za majike wakongwe waliowekwa kwa uzazi.

(b) Dume au jike. Chonge za nguruwe dume hukua maisha yake yote, na mzizi wake hubaki wazi. Za jike ni ndogo na mzizi wake hufunga. Kwa hiyo kipande kimoja cha chonge chatosha kukuambia. Mfugaji huwachinja madume wengi mapema, kwa kuwa dume mmoja atosha majike wengi. Ukiona madume wengi wamekufa wachanga, jua kulikuwa na mkono wa mtu.

(c) Ukubwa na umbo. Baada ya vizazi vingi mikononi mwa watu, nguruwe walipungua mwili na pua yao ikawa fupi. Taya likifupika, magego hubanana, na gego la tatu hupungua urefu. Wataalamu hupenda kupima meno kuliko mifupa mingine, kwa sababu mwili huweza kudhoofika kwa njaa ya mwaka mmoja, lakini jino likisha undwa halibadiliki ukubwa, hulika tu.

(d) Mistari ya dhiki. Hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Mnyama mchanga akipata taabu wakati jino linaundwa, iwe ni kuzaliwa, kuachishwa kunyonya, njaa au ugonjwa, ganda gumu la jino husimama kukua kwa muda. Baadaye huendelea, lakini huacha mfereji mwembamba mithili ya pete. Uchunguzi umeonyesha kwamba nguruwe wa kufugwa kwa kawaida huwa na mistari hii mingi kuliko wa mwituni. Kumbe kufugwa si starehe!

(e) Chakula. Tunachokula hujenga mifupa yetu. Mahindi, mtama na wimbi huacha ndani ya mfupa alama ya kaboni iliyo tofauti na ile ya viazi, maharagwe na majani ya miti. Nayo nyama na masazo ya mezani hupandisha alama ya nitrojeni. Alama hizi huitwa isotopu, na hupimwa katika maabara. Ukipima mfupa wa nguruwe na kuona amekula chakula kile kile cha watu, huyo alikuwa karibu na mlango wa jikoni.

4. MAHALI MIFUPA ILIPOSEMA

Kijiji cha Çayönü kiko kusini-mashariki mwa Uturuki, karibu na vijito vinavyounda mto Tigris. Uchimbaji ulianza mwaka 1964 ukiongozwa na Halet Çambel wa Uturuki na Robert Braidwood wa Marekani. Watu waliishi hapo kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja, kuanzia yapata miaka 10,500 iliyopita, na tabaka zao zimepangana kama kurasa za kitabu. Wataalamu walipolinganisha meno ya nguruwe ya tabaka za chini na yale ya juu, waliona magego yakipungua ukubwa pole pole, na mistari ya dhiki ikiongezeka pole pole. Hakuna siku moja ambayo mtu aliamka akasema, "Leo naanza kufuga." Ilikuwa haba na haba, hujaza kibaba. Nguruwe walizungukazunguka kijijini wakila masazo, watu wakawazoea, wao wakawazoea watu, na vizazi kwa vizazi wakawa wa nyumbani.

Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Kwetu Butere nguruwe wengi hufungwa kamba mguuni msimu wa kilimo, na baada ya mavuno huachiliwa wajitafutie. Utawakuta njiani wakichakura maganda. Jirani hujua nguruwe wa jirani. Basi picha ya Çayönü haikunipa tabu hata kidogo.

China nako walifuga kivyao, bila kuiga Uturuki. Katika kijiji cha kale cha Jiahu, mkoa wa Henan, mahali panaposifika kwa filimbi zilizotengenezwa kwa mifupa ya mabawa ya ndege, umbo la magego linaonyesha kwamba nguruwe wa kufugwa walikuwako zaidi ya miaka 8,000 iliyopita. Huko Dadiwan, mkoa wa Gansu, isotopu za mifupa zimeonyesha kwamba yapata miaka 6,000 iliyopita nguruwe walikuwa wakila nafaka za jamii ya wimbi na mawele, zile zile walizolima watu. Na watu wa utamaduni wa Dawenkou, mashariki mwa China, waliwazika wafu wao pamoja na mafuvu na mataya ya nguruwe. Nguruwe alikuwa amekwisha kuwa mali na heshima.

Tena kuna kisiwa cha Saiprasi. Kabla ya watu kufika, kisiwa hicho kilikuwa na viboko wafupi na tembo wadogo, lakini nguruwe hawakuwako. Hata hivyo, mahali paitwapo Akrotiri Aetokremnos pamepatikana mifupa michache ya nguruwe, hasa ya vidole vya miguu, yenye umri wa zaidi ya miaka 11,400. Sasa niambie, walivuka bahari vipi? Kuna maji mengi kati ya kisiwa na bara. Jibu ni kwamba walipakiwa chomboni na watu. Huenda walikuwa bado wa mwituni kwa damu, lakini mtu ambaye aweza kumweka nguruwe hai ndani ya chombo mpaka ng'ambo, huyo ameanza safari ya ufugaji.

5. KARAMU YA DURRINGTON WALLS

Mfano niupendao zaidi uko kusini mwa Uingereza. Karibu kilomita tatu kutoka kwenye mawe makubwa ya Stonehenge pana mahali paitwapo Durrington Walls. Yapata mwaka 2500 K.K. watu walikusanyika hapo kwa makundi, wakala, wakatupa mifupa. Uchimbaji wa miaka ya 1966 hadi 1968, na mwingine uliofuata katika karne hii, uliibua mifupa kwa maelfu, na sehemu kubwa ni ya nguruwe.

Walichinjwa wakiwa na umri gani? Wengi walikuwa na miezi tisa hivi. Huko Ulaya nguruwe wa kale walizaa hasa majira ya kuchipua, yaani kuanzia Machi. Hesabu mwenyewe kwa vidole. Utafika Desemba, katikati ya majira ya baridi, siku zilipo fupi kuliko zote za mwaka. Na Stonehenge yenyewe imeelekezwa jua linapotua siku hiyo fupi. Basi wataalamu wakasema kwamba hapo palikuwa na karamu ya majira ya baridi.

Jamani, tazameni tena taya langu pale juu ya gazeti. Lilizaliwa Machi, likachinjwa Desemba, likaliwa na majirani. Miaka 4,500 na maelfu ya kilomita viko kati yetu na watu wale, na bado meno ya nguruwe wao na ya nguruwe wetu yamesimama mahali pamoja. Nilipogundua jambo hilo nilinyamaza muda mrefu.

Mambo bado. Ndani ya baadhi ya mifupa ya Durrington Walls zilikutwa ncha za mishale ya mawe. Nguruwe wa kufugwa, lakini amepigwa mshale! Wengine husema walikuwa wakiachiwa huru mashambani na kushikwa ilikuwa kazi. Wengine husema kuwapiga mishale kulikuwa sehemu ya sherehe. Na mwaka 2019 kundi la wataalamu likiongozwa na Richard Madgwick lilitangaza matokeo ya kupima nguruwe 131 kutoka mahali pa karamu panne kusini mwa Uingereza, Durrington Walls pakiwamo. Udongo wa kila eneo una alama yake, ambayo hupita kwenye maji na majani mpaka ndani ya jino. Alama hizo zilionyesha kwamba nguruwe wengi hawakukulia hapo. Kuna waliotoka Wales, na wengine yaelekea walitoka mbali mpaka Skotilandi. Aliyewahi kumfukuza nguruwe mmoja mpaka sokoni, kilomita tatu tu, atajua hiyo ilikuwa kazi ya aina gani. Watu wale hawakuandika barua ya mwaliko, lakini mwaliko ulifika.

6. TAHADHARI KWA MSOMAJI WA MIFUPA

Nisije nikawadanganya kwamba mifupa husema wazi kama redio. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walichimba Hallan Çemi, kijiji kingine cha kale cha Uturuki ambacho kilikuwa karibu kufunikwa na maji ya bwawa. Walipata mifupa ya nguruwe, wakaona wachanga wengi, wakasema kwamba hapo ndipo nguruwe walifugwa mapema kuliko wanyama wote wa kuliwa katika eneo hilo. Baadaye wenzao wakaichunguza mifupa upya, wakasema hapana, hiyo yalingana na uwindaji. Mifupa ni ile ile, fikira mbili. Dalili moja haitoshi. Zishikane mikono tatu, nne, ndipo useme.

Ulaya nako kulikuwa na fumbo. Wakulima wa kwanza waliofika huko kutoka upande wa Uturuki walikuja na nguruwe wao. Lakini uchunguzi wa chembe za urithi, yaani DNA, iliyotolewa ndani ya mifupa ya kale, umeonyesha kwamba damu ile ya mashariki ilififia kadiri nguruwe walivyozaana na madume wa mwituni wa Ulaya. Mwaka 2019 kazi ya Laurent Frantz, Greger Larson na wenzao ilionyesha kwamba nguruwe wa Ulaya wa leo wamebakiwa na chini ya asilimia 4 ya urithi wa mashariki. Ufugaji ulikuja na mgeni, damu ikawa ya mwenyeji.

7. SHIMO LA NYUMBANI

Nimefika kwenye sehemu ambayo sikuisema yote siku ile ya somo. Mlezi alinishauri niiandike hapa.

Nilipokuwa kidato cha pili wenzangu waliniita "Bwana Nguruwe," kwa kuwa walijua karo yangu hutoka wapi. Sikujibu. Mwaka huo huo homa ya nguruwe iliingia kwetu. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, mwaka 1921. Ngiri hubeba viini vyake bila kuugua, na papasi waishio mashimoni mwao huvieneza. Nguruwe wa kufugwa akiupata, hauna tiba. Binadamu haumdhuru, lakini nyama ya mnyama mgonjwa hueneza maradhi kutoka boma hadi boma.

Nguruwe wawili wa kwanza walipoanza kusitasita kula na masikio yao kuwa mekundu, mchuuzi mmoja alikuja usiku. Alijua. Alitaka kununua wote, wagonjwa na wazima, kwa bei ya kutupa, awachinje kabla ya alfajiri. Pesa zile zingelipa karo yangu ya muhula. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nakiri mbele yenu, nilitamani baba akubali. Baba alimwambia, "Ndugu yangu, nenda salama. Nikikuuzia hawa, kesho jirani yangu atalia." Akampelekea habari daktari wa mifugo. Katika wiki moja walikwisha wote kumi na wanne: majike wawili, dume mmoja, wanne walioachishwa kunyonya na vitoto saba. Tulichimba shimo refu, tukawazika. Mimi nilikaa nyumbani nusu muhula, mpaka mtamba mmoja ulipouzwa.

Sasa fikiri. Akija mtaalamu miaka elfu tatu baadaye akalichimbua shimo lile, ataona nini? Kwanza ataona kila umri, kuanzia kitoto cha wiki tatu mpaka jike mkongwe. Hao si waliochaguliwa na mchinjaji, kwa kuwa hakuna mfugaji anayechinja majike wake wa uzazi na watoto wao kwa pamoja. Ataona mifupa imeungana kichwa na mwili, haikukatwa kwa kisu wala kuunguzwa na moto wala kutafunwa na mbwa. Atasema, "Hawa walikufa pamoja, hawakuliwa, walifukiwa kwa makusudi." Akiwa makini ataongeza, "Watu hawa walikuwa na nyama, tena nyingi, wakajizuia."

Hatalijua jina la baba yangu. Hatajua kwamba kulikuwa na mchuuzi, wala kwamba kijana mmoja alisimama mlangoni akitamani. Lakini lile jambo kubwa, kwamba nyama ile haikuuzwa, mifupa itamwambia. Baba hakuliandika shimo lile katika daftari lake. Aliacha kurasa mbili tupu, akaanza upya mwaka uliofuata kwa majike wawili na banda lenye ua imara. Nguruwe wa taya hili alizaliwa katika banda hilo.

HITIMISHO

Kwa hiyo, ndugu msemaji wa kwanza wa ule mjadala, swali lako "Utamwuliza nani?" nalijibu leo, ingawa kura zilikwisha hesabiwa. Nitaliuliza taya. Nitaliuliza lina miezi mingapi, lilikula nini, liliugua lini, lilitoka nchi gani. Nisipopata jibu nitanyamaza, na nikipata nitalipima kwa dalili nyingine. Maandishi ni mali, wala siyadharau, ndiyo sababu naandika katika gazeti hili. Lakini walioandika katika dunia hii ni wachache, na waliokula, wakafuga na kuzika ni wote.

Shime wenzangu, msitupe kila kitu kama takataka. Na yule atakayeniita tena "Bwana Nguruwe," nitamwitikia "Naam!" kwa sauti kuu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taya lina gego la kwanza na la pili, na la tatu limeanza kuchomoza. Mnyama alikuwa na umri gani hivi?
2. Kwa nini mfugaji huchinja madume wengi wakiwa wachanga?
3. Taja dalili mbili ambazo zingemwonyesha mtaalamu kwamba nguruwe wa shimoni hawakuliwa.
4. Mifupa ya nguruwe imepatikana katika kisiwa ambacho zamani hakikuwa na nguruwe. Eleza maana yake.
5. Tazama jalala la jikoni mwa shule yetu. Mtaalamu wa kesho atasema nini juu yetu? (Jibu hili tulijadili katika mkutano ujao wa chama.)